Nani Kasema Tusubiri Mpaka Tuive?

Kuna neno moja linalowamaliza waandishi chipukizi hapa Pemba, na husemwa kwa upole kabisa na mtu anayekutakia kheri: "Mwanangu, bado hujaiva. Subiri." Basi. Daftari linarudi halina hata doa la kalamu. Usubiri nini? Ukae barazani Tibirinzi uive kama ndizi iliyovundikwa?

Mie nasema neno hilo ni uvivu wa kusoma uliovishwa joho la hekima. Kumwambia mtu "hujaiva" hakuhitaji kufungua hata kurasa kumi. Lakini kumwambia "huyu bibi umemzika ukurasa wa 40, vipi ukurasa wa 62 anakwenda sokoni kununua dagaa?" hiyo ni kazi, lazima usome. Na mwandishi akiambiwa hivyo, ndugu msomaji, usiku huo halali. Anatengeneza.

Hatukuanza sie. Kamange na Sarahani, washairi wa kisiwa hiki hiki, walikuwa wakijibizana kwa tungo, na tungo zao zimo katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu kilichotoka 2011. Anayejibiwa beti kwa beti hujua palipolegea. Hakuambiwa akaive kwanza ndipo arudi.

Au mtazame Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1961, akiwa mwanafunzi Makerere, aliandika riwaya kwa ajili ya mashindano ya Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki. Wengi hudhani riwaya aliyoanza nayo ni Weep Not, Child, kwa sababu ndiyo iliyotangulia kutoka, 1964. Siyo. Ile ya mashindano ndiyo ya mwanzo, ila ilirudi mezani, ikabadilishwa hata jina, ikatoka 1965: The River Between, ambayo kwa Kiswahili tunaijua kama Njia Panda. Angekuwa kijana wa kwetu ingeshawashiwa mkaa. Tena hakuishia hapo. A Grain of Wheat ilitoka 1967, jina lake limeshakuwa kubwa, akairudia vilevile, na toleo alilolirekebisha likatoka 1986. Miaka 19! Sasa huyo naye tuseme alikuwa hajaiva?

Idara hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa Mzanzibari mwenzetu, Muhammed Said Abdulla. Alishinda mashindano yake ya 1957/58, na Mzimu wa Watu wa Kale ikatoka 1960. (Mwaka 1984 akatuletea Kosa la Bwana Msa. Hata mpelelezi mwenyewe, na kiko chake na akili zake zote, kapewa kosa juu ya jalada!) Walioendesha mashindano yale hawakungoja watu waive. Walisema: leteni.

Najua nitajibiwa: kijana huyu anataka magazeti yajazwe takataka. La hasha. Hadithi mbovu isichapwe. Lakini isomwe mpaka mwisho, na mwenyewe aonyeshwe pale ilipopinda, kama fundi wa kofia anavyomwonyesha mwanafunzi mshono wa kufumua. Hamwambii aweke sindano mpaka ajue kushona. Atajuaje?

Na nyie wenzangu pia, msijifiche nyuma yangu. Mtu akitiwa wino mwekundu ananuna wiki nzima, kesho yake daftari lishakuwa la kufungia karanga. Wengine wanaandika sura tatu, wanaona hazifanani na za Adam Shafi, wanaacha, wanaanza nyingine, nayo sura tatu. Madaftari matano, mwisho hakuna hata mmoja! Yakhe, hadithi isiyokwisha haina la kukufundisha, maana hata ubovu wake hujaufikia wote.

Kwa hiyo nina ombi kwa mhariri. Kila toleo litenge kurasa mbili: upande mmoja kipande cha hadithi kama kilivyoletwa, upande wa pili msomaji mzoefu aeleze kipi kimemkwamisha na wapi, mstari kwa mstari. Changu cha kwanza nakituma pamoja na barua hii. Na atakayetaka kuniambia sijaiva, anitajie na ukurasa.