Pagazi Hana Sanamu

Apitaye katikati ya Dar es Salaam huiona sanamu ya askari, bunduki yake imeelekea bandarini. Imesimama pale tangu 1927. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini tu. Sisi wa Tabora twauliza: waliobeba risasi za bunduki hiyo wako wapi?

Babu zetu hawakuwa wageni wa mzigo. Kabla Mdachi hajaja, Mnyamwezi alikwenda Bagamoyo na pembe za ndovu kwa ujira aliopatana, kirangozi mbele. Kijana kuiona pwani ilikuwa ndiyo heshima. Na tajiri akipunja posho, mizigo iliwekwa chini mpaka maneno yaishe.

Vita ya 1914 ikaigeuza kazi hiyo kuwa kamba shingoni. Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini nje ya reli ni pori, na porini mbung'o aliua farasi na ng'ombe. Likabaki bega la Mwafrika. Wadachi walikamata watu, Waingereza wakakamata, na Wabelgiji walioutwaa mji wetu Septemba 1916 nao walifika kwa mabega ya watu.

Tazameni hesabu yenyewe. Pagazi akibeba ratili 60 za unga, naye ale ratili 2 kila siku, basi siku 10 za kwenda na 10 za kurudi zimekula ratili 40. Askari atapata 20. Mabwana wakubwa wakaongeza wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi. Kisipotosha, aliyepunguziwa ni pagazi. Waingereza peke yao walichukua watu wapatao milioni moja. Kwa hesabu yao wenyewe walikufa zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara na maradhi mengine, si kwa risasi.

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina. Miaka mia imepita! Tumesikia kukiri kwao, lakini majina hatujayaona.

Hatuombi sanamu kwanza. Twataka orodha ifunguliwe hapa Tabora, kata kwa kata, Unyanyembe, Urambo, Nzega, na kila ukoo ulete jina la babu aliyechukuliwa asirudi. Wazee wanaoyakumbuka majina hayo wanapungua kila masika. Kazi hii yahitaji daftari, karani mmoja na kivuli cha mwembe.