Ukitaka 504, anza na injini
Unaitamani Peugeot 504, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975? Sawa, lakini usinunue rangi. Fungua boneti kwanza.

Ya dizeli hainywi mafuta sana, ila mlimani utapitwa hata na matatu iliyojaa. Ya petroli yenye injeksheni ina nguvu zaidi, lakini pampu yake ikigoma, utatafuta fundi anayeielewa hadi uchoke.

Sisi twasema chukua petroli ya lita 2 yenye kabureta. Haina mbio kama ya injeksheni, lakini fundi wa mtaani anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha. Kumbuka, pesa za kuitengeneza zitatoka mfukoni mwako, si kwa wanaoipiga picha barabarani.