Hasira za mtoto hazitulizwi kwa fimbo

Wazazi wengi huamini kuwa dawa ya mtoto mwenye hasira ni fimbo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kimwili, ikiwemo kupigwa, kabla ya kutimiza miaka 18. Lau kipigo kingekuwa dawa, tungekwishapona.

Ndugu mzazi, mtoto mdogo hana maneno ya kueleza huzuni au woga wake. Huutoa kwa kupiga wenzake, kutupa vitu au kununa. Lugha yake ni mchezo. Mtume (s.a.w.) alipomkuta mtoto Abu Umayr ana huzuni kwa kufa ndege wake, hakumkaripia, alimtania kwa upole akimuuliza habari za ndege huyo.

Michezo haihitaji fedha. Asubuhi ya baridi ya Mbeya au Iringa, mwambie mtoto avute pumzi kwa pua, kisha apulize polepole kana kwamba anapoza uji wa moto. Pumzi ndefu hutuliza mapigo ya moyo. Mpe udongo afinyange, kama wafanyavyo akina mama wa Kikisi kule Kyela, kisha anawe kwa sabuni. Wacheze kukimbia na kusimama ghafla wasikiapo makofi. Hapo hujifunza kujizuia. Wafundisheni wakiwa wametulia, si katikati ya ghadhabu.

Mtoto akijidhuru, au akikosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa, msikimbilie kusema ana jini. Mfikisheni hospitali ya rufaa, Mbeya au Iringa.

Dakika kumi za kucheza naye baada ya Alasiri ni malezi, si kupoteza muda.