Sewa Haji wa Bagamoyo

Ni wachache, katika wagonjwa wanaolazwa wadi ya Sewahaji huko Muhimbili, wajuao kwamba jina hilo ni la tajiri wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, baada ya kuchuma mali kwa kuwapatia wasafiri wa bara bidhaa na wapagazi. Stanley, mmoja wa wasafiri hao, alimlalamikia kwa ujanja wake, wala hatumtakasi, kwani faida ile ilibebwa mabegani mwa maskini. Walakini katika mali hiyo hiyo aligharimia hospitali Dar es Salaam, na mjini kwake akatoa jumba la ghorofa liwe skuli, kwa sharti kwamba watoto wa kila taifa wapokewe, sharti zito kwa zama zile za Wadachi. Insafu yataka watoto wa Bagamoyo wasomeshwe habari zake kabla ya za Stanley.