Mwana wa Mhunzi Hataki Kuvukuta

Wazee wetu walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake ni wazi. Mtoto aliyezaliwa kiwandani, hata ikiwa mkono wake haujaiweza nyundo, hakosi kazi ya kushika mivukuto na kuupulizia moto wa babake. Siku hizi methali hiyo imetupindukia. Namjua mwana wa mhunzi mmoja, kijana mwenye nguvu na adabu zake, ambaye hasani wala havukuti. Anabeba magunia. Na sababu ya kubeba magunia hayo, wasomaji wangu, kwa sehemu yake ni mimi ninayeandika makala hii. Nitaeleza.

Siku mbili kabla ya Idi ya Kuchinja ya mwaka jana nilipita dukani nikanunua kisu kwa shilingi mia na hamsini. Kilikuwa kinang'aa hata unaweza kujitazama uso ndani yake, na mpini wake wa plastiki ulikuwa mwekundu kama tunda la mkanju. Nilikijaribu kwa kitunguu nikaridhika. Asubuhi ya Idi, baada ya sala, mbuzi akaletwa uani, na ami yangu, ambaye ndiye hutuchinjia kila mwaka, akakipokea kisu. Akakipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba, mara moja, mara ya pili. Hakusema neno. Alinitazama tu, kisha akamtuma mtoto nyumbani kwake akalete kisu chake cha zamani.

Mimi ni mtu niliyesomeshwa chuoni tangu udogo wangu, na hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws naijua kama ninavyolijua jina langu. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha kuchinja kwa wema, mchinjaji akitie makali kisu chake na ampumzishe mnyama. Sasa mimi, mwenye kuijua amri hiyo, ndiye niliyeleta pale uani kipande cha bati kilichotiwa rangi ya fedha. Lau si ukucha wa ami, yule mbuzi angaliadhibika mikononi mwetu siku ya ibada. Sikuionja nyama ile kwa raha.

Kisu kilicholetwa kilikuwa cheusi, kengee yake imekwisha kwa miaka ya kunolewa hata imekuwa nyembamba kama jani la mnazi. Mpini wake ulikuwa wa pembe ya ng'ombe. Hakikuwa na maandishi yoyote. Nikauliza kimetoka wapi. Ami akasema kilifuliwa hapa hapa Mombasa kabla mimi sijazaliwa, na kwamba aliyekifua ni marehemu, lakini mwanawe yu hai, naye ni mhunzi kama babake. Wiki iliyofuata nikamwendea.

Nilimkuta mzee wa miaka sabini hivi katika kibanda cha mabati huko Majengo. Fuawe lake ni kipande cha reli. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi imekwisha zamani. Badala yake ana feni ndogo inayozungushwa na gurudumu la baisikeli, na aliyelizungusha gurudumu siku ile alikuwa mwanawe. Nikakaa juu ya debe nikatazama kazi tangu mwanzo hata mwisho, na ningependa kila anayebishana bei ya kisu akae juu ya debe lile walau mara moja.

Chuma chake ni springi ya lori iliyovunjika. Hicho si chuma cha kawaida bali ni pua, chuma kilichopikwa hata kikaweza kushika makali. Hukata kipande, hukitia motoni hata kiwe rangi ya machungwa, hukitoa kwa koleo na kukipiga nyundo, hukirudisha motoni, na hivyo tena na tena mpaka ubapa na ncha na msuka vitokee. Kisha hupiga tupa. Mpaka hapo ni kisu kwa sura tu, ukikitumia hakina makali ya kudumu.

Siri imo katika moto wa mwisho. Hukitia tena motoni, na pembeni pana sumaku aliyoitungika kwa waya. Hukisogeza kisu kwenye sumaku, kikivutwa, bado, kisipovutwa tena, kimeiva. Hapo hukizamisha katika mafuta, wala si katika maji, kwa kuwa maji hukipoza kwa ghafla mno na pua kama ile huweza kupasuka. Kikitoka humo ni kigumu lakini ni kikavu, ukikiangusha sakafuni huenda kikavunjika kama kigae. Kwa hiyo hukipasha tena moto mdogo, polepole, huku akiutazama ubapa alioukwangua mpaka ubadilike rangi uwe kama nyasi kavu. Hapo ugumu umepungua kidogo na ustahimilivu umeingia. Akikosea rangi hiyo, kazi yote ya asubuhi imekwenda. Baada ya hapo ndipo hutia mpini, akaubana kwa noleo, akakinoa juu ya jiwe.

Nikakishika. Nikakipitisha kwenye ukucha kama nilivyomwona ami akifanya, kikauma. Nikamuuliza bei.

"Elfu moja na mia mbili, Maalim," akaniambia.

Nami, wasomaji, nikafanya tunalolifanya sote. Nikacheka. Nikamwambia, "Fundi, dukani visu ni mia na hamsini." Nikainuka kama ninayekwenda zangu, nikarudi, nikataja watoto, nikataja Idi iliyonimalizia pesa. Mwisho tukakatiana kwa mia saba. Nilikwenda nyumbani nikijisifu kwamba mimi si mjinga wa sokoni.

Miezi kadha ikapita. Nikarudi kununua kisu kingine cha kumpa mkwe wangu, nikamkuta mzee analizungusha gurudumu kwa mguu wake mwenyewe huku akishika koleo kwa mkono. Nikamuuliza, "Kijana yu wapi?" Akaniambia amekwenda kubeba mizigo. Nikasema, kwa ule wepesi wa ulimi wetu, kwamba vijana wa leo hawapendi kazi za wazee wao. Mzee akaweka nyundo chini. Akachukua kipande cha kaa akaanza kuandika juu ya ubao, kama tulivyokuwa tukiandikiwa chuoni.

Makaa, mia na hamsini. Springi, mia. Pembe na noleo, mia. Tupa na msasa unaokwisha, hamsini. Kijana wa kuzungusha gurudumu, mia mbili. Jumla yake mia sita.

"Ulinilipa mia saba, Maalim," akasema. "Nusu ya siku nzima mimi nilipata mia moja. Kijana wangu alikuwa akiiona hesabu hii kila jioni. Ningemwambia nini?"

Sikuwa na jibu, na nilirudi nyumbani na aibu ya pili, kubwa kuliko ile ya kwanza. Kwani mimi ni mtunzi wa mashairi. Ni mara ngapi mtu amenijia akataka utenzi wa harusi ya bintiye, na nilipotaja malipo akashangaa, akasema, "Lakini haya si maneno tu?" Nikaona uchungu, nikaenda barazani nikalalamika kwamba watu wetu hawaujui uzito wa kazi ya mkono na akili. Kumbe mimi nami humwambia mhunzi, hiki si chuma tu? Nimesahau kwamba kalamu yangu ya kwanza ilikuwa ya mwanzi, na mwalimu wetu aliichonga ncha yake kwa kisu kidogo kilichofuliwa na mhunzi. Bila makali ya yule, herufi zangu zisingalinyoka.

Husemwa kwamba kazi hii inauawa na visu vya kutoka ng'ambo. Mimi siamini kwamba hiyo ndiyo sababu yote. Bidhaa za ng'ambo pwani yetu imezijua kwa karne nyingi, na wahunzi waliishi nazo. Al-Idrisi, aliyekikamilisha kitabu chake mwaka 1154 huko Sisilia kwa habari za wasafiri, alieleza kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowaletea faida kubwa katika biashara. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulivuma katika karne ya 19 kwa mafundi wake wa ngozi, wa mbao, wa kunakili misahafu, na wa panga na majambia. Majahazi yakileta vya Bara Hindi na vya Arabuni, na bado mtu alijua tofauti ya kitu cha kuuzwa na kitu cha kurithiwa.

Wala sisemi kwamba kila mwenye nyumba anunue kisu cha elfu moja na zaidi. Mjane wa kukata nyanya na kitunguu, cha mia na hamsini chamtosha, tena hakishiki kutu, ilhali cha mhunzi ukikiacha na maji usiku mmoja utakikuta chekundu. Lakini mchinjaji, mwenye bucha, mvuvi wa kupasua papa na mchonga milango, hao kisu kwao ni riziki. Mwenye kisu kikali ndiye mlaji nyama. Na kisu cha ami yangu kimechinja Idi zaidi ya hamsini. Gawanya bei yake kwa miaka hiyo, kisha uniambie kipi kilicho rahisi.

Baada ya kujilaumu mimi na wenzangu wanunuzi, niruhusiwe kuwalaumu wahunzi nao, kwa mapenzi.

Kosa la kwanza ni hesabu. Yule mzee aliijua hesabu yake, lakini hakuwahi kumwonyesha mnunuzi mpaka mwanawe alipoondoka. Fundi asiyejua kila kisu kimekula nini hana silaha ya kujitetea mbele ya mtu kama mimi. Iandike, itundike ukutani, na chini ya hapo usishuke. Nabii Daud, amani imshukie, aliyelainishiwa chuma, katika Surat Saba aliamrishwa atengeneze nguo za vita na apime sawasawa pete zake. Kipimo ni sehemu ya ufundi tangu hapo. Na ni yeye huyo aliyetajwa na Mtume kwamba alikuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake. Akila, nasema, hakulala njaa kwa ajili ya kuwaridhisha wanunuzi.

Kosa la pili ni kutotia alama. Kisu cha ami hakina jina, na lau ami hangalikuwa na kumbukumbu nzuri nisingalimpata mwana wa aliyekifua. Mji wa Sheffield huko Uingereza ulijengewa sifa na visu, na mwaka 1624 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuunda chama cha mafundi hao, kila bwana wa kiwanda akasajili alama yake. Aliyenunua kisu kibovu alijua wa kumrudia, na aliyenunua kizuri alijua wa kumsifu. Alama ni patasi ndogo na pigo moja la nyundo. Haina gharama, ila inamfunga fundi kwa kazi yake.

La tatu ni umaliziaji. Chema chajiuza, ni kweli, lakini kisu chema chenye mpini wa kukwaruza kiganja na kisicho na ala hujiuza kwa taabu. Wazee walitumia pembe za ndovu na za kifaru. Biashara hiyo imepigwa marufuku, na ni haki, kwani wanyama wale walikaribia kutoweka. Pembe ya ng'ombe ikisuguliwa hung'aa vizuri, na machinjioni hutupwa. Mshona viatu naye yuko mtaa wa pili, aweza kushona ala ya ngozi. Watu watatu wamepata riziki kwa kisu kimoja.

Tuwatazame pia ndugu zetu wa Omani. Jambia lao, wanaloliita khanjar, ufundi wake na desturi zake ziliingizwa mwaka 2022 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa wanadamu. Hawakungoja mpaka fundi wa mwisho azikwe ndipo wamsifu. Sisi twapenda sana kuimba urithi wa pwani siku za sherehe, kisha kesho yake twamkatia mwenye urithi huo shilingi mia tano.

Nilifanya nini? Nilimlipa yule mzee elfu moja na mia mbili kwa kisu cha mkwe wangu, na mia tano nilizomdhulumu katika kile cha kwanza. Alizikataa, nikaziweka juu ya fuawe nikaondoka. Kijana hajarudi kiwandani, na sitawadanganya kwamba atarudi kwa ajili ya mia tano zangu. Lakini Idi nyingine inakuja. Msikiti wenye kamati ya kuchinja na ukoo wenye ng'ombe wa kushirikiana waagize visu vyao mapema, kwa bei iliyoandikwa ukutani. Maagizo ya namna hiyo yakiwa mengi, huenda kijana akaiona hesabu nyingine jioni. Nami nawaachia ubeti huu:

Kisu huanza motoni, kwa nyundo na kwa makaa,
Hunolewa kwa makini, hata makali yang'aa,
Bei ukiweka chini, fundi huketi na njaa,
Mlipeni mkononi, wanawe wapate vaa.