Mfalme wa Kitabuni na Mfalme wa Kaburini

Mwenye kutunga hadithi juu ya mtu aliyekufa zamani ana uwezo mkubwa kuliko wa hakimu. Hakimu humsikiliza mshtakiwa kabla ya kukata hukumu. Mtungaji humhukumu mtu asiyeweza kujitetea, na hukumu yake yaweza kukaririwa na watoto wa shule kwa mamia ya miaka. Kwa hiyo yampasa msomaji apendaye vitabu vya namna hiyo ajue jinsi vinavyotungwa, na yampasa zaidi kijana atamaniye kutunga chake mwenyewe.

Mfano ulio maarufu sana ni ule wa Richard wa Tatu, mfalme wa Uingereza. Alitawala miaka miwili tu, akauawa vitani Bosworth tarehe 22 Agosti 1485, umri wake ukiwa miaka 32. Aliyemshinda, Henry Tudor, akalichukua taji. Kama miaka mia baadaye Shakespeare akatunga mchezo wa kuigiza juu ya Richard, na wakati huo aliyekuwa kitini ni Malkia Elizabeth wa Kwanza, mjukuu wa Henry huyo huyo. Si ajabu basi kwamba Richard wa mchezoni ni mwovu kupita kiasi. Ana nundu mgongoni, mkono wake mmoja umenyauka, na ndiye aliyeamuru wana wawili wa ndugu yake wauawe katika Mnara wa London. Watu waliutazama mchezo, wakausadiki.

Mwaka 1951 mwandishi Josephine Tey akatoa riwaya iliyopindua mambo. Katika riwaya hiyo askari mpelelezi aliyelazwa hospitali anazisoma habari za mfalme kama asomavyo jalada la kesi, na mwisho anamwona hana hatia. Wasomaji wengi wakaisadiki riwaya nayo.

Ndipo mwaka 2012 mifupa ya Richard ikafukuliwa mjini Leicester, chini ya kiwanja cha kuwekea motokaa. Wataalamu waliipima, wakailinganisha na chembe za urithi za watu walio hai wa kizazi cha dada yake, wakahakikisha kwamba ni yeye. Uti wa mgongo wake ulikuwa umepinda kwa upande, lakini nundu haikuwako, na mikono yote miwili ilikuwa mizima. Maana yake ni kwamba mchezo ulishika punje ya kweli, ukaikuza ikawa gunia. Juu ya wale watoto wawili mifupa haikutoa neno. Mfalme alizikwa upya katika kanisa kuu la Leicester mwaka 2015, na wanaobishana juu yake hawakunyamaza.

Msomaji wa Kebirigo, katika vilima vya chai vya Nyamira, aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, tena ni mambo ya wafalme, na Abagusii tangu zamani hawakuwa na mfalme. Mashauri ya kila ukoo yalikatwa na wazee wake. Hayo ni kweli. Walakini Kenya nayo ina bwana wake mkubwa wa kale aliyetungiwa upya mara kwa mara, naye ni Fumo Liyongo wa pwani, karibu na mdomo wa mto Tana. Jina fumo lilikuwa cheo cha mtawala. Juu ya zama zake wataalamu wamepishana kwa karne nyingi, lakini habari yenyewe yajulikana. Alifungwa gerezani, mama yake akampelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate, akakata minyororo huku ngoma na nyimbo zikivuma, akatoroka. Mwisho mwanawe mwenyewe, aliyehongwa na adui, alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo akaenda kisimani, akapiga goti na kuvuta upinde, akafa katika hali hiyo, na watu wasithubutu kuteka maji kwa kumdhani yu hai.

Sasa tazama jinsi mtu huyo mmoja alivyopewa nyuso tatu. Katika hadithi iliyopigwa chapa na Edward Steere mwaka 1870, Liyongo ni mtu mwenye nguvu aliyewaudhi mno watu wa mji, nao wakafanya shauri la kumfunga. Katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913, yeye ni shujaa mwungwana, na kosa ni la sultani aliyemhofu kwa ajili ya ufalme wake. Katika mchezo wa Kithaka wa Mberia uitwao Kifo Kisimani, uliotolewa mwaka 2001, amekuwa mtetezi wa raia mbele ya mtawala dhalimu. Mchezo huo uliwahi kuwekwa miongoni mwa vitabu vya lazima katika shule za sekondari za Kenya, hivyo kijana wa Nyamira aliweza kumjua Liyongo kwa uso huo wa tatu kabla hajapata kusikia habari za ile miwili ya kwanza.

Je, mwandishi huyo wa tatu amemsingizia marehemu? La, hasha. Yeye hakumwita shujaa wake Liyongo. Alimwita Mwelusi, nchi akaiita Butangi, mtawala akamwita Bokono, na msaliti akamwita Gege. Kwa kubadili majina alimwambia msomaji waziwazi: kisima ni kile cha kale, lakini maji haya nimeyateka kwa ajili ya watu wa leo. Njia ya pili aliifuata Ebrahim Hussein wa Tanzania mwaka 1969. Yeye aliliacha jina la Kinjeketile, kiongozi wa Maji Maji aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, lakini katika maneno ya mbele ya mchezo wake alieleza kwamba Kinjeketile wa mchezoni ni kiumbe cha fikira, si yule wa historia. Njia zote mbili ni za uaminifu. Aliye mbali na uaminifu ni yule aliachaye jina, akageuza mambo yaliyokwisha thibitika, kisha akanyamaza.

Na hapo ndipo shauri hili linapofika Kebirigo. Chukua mfano wa vijana wa shule wanaotaka kuigiza habari za Otenyo. Mambo yaliyo thabiti ni haya. Mwezi wa Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Bwana Northcote, ofisa wa Serikali katika Kisii. Masimulizi ya Abagusii yasema kwamba aliyemtia moyo ni Moraa, mwanamke mganga na nabii. Northcote alipona. Jeshi likaletwa, watu wengi wakauawa na ng'ombe wakachukuliwa, hata Bwana Winston Churchill, aliyekuwa katika Ofisi ya Makoloni huko London, akalalamika juu ya wingi wa mauaji. Northcote naye alipanda vyeo, akawa Gavana wa Hong Kong tangu 1937 hadi 1941. Juu ya mwisho wa Otenyo simulizi hazipatani. Wako wasemao kwamba kichwa chake kilipelekwa ng'ambo.

Baina ya mambo hayo pana nafasi kubwa, na nafasi hiyo ni halali ya mtungaji. Moraa alimwambia nini Otenyo usiku wa kuamkia siku ile? Je, mkono wake ulitetemeka? Hakuna jalada lililoandika hayo, na mtungaji asipoyaandika hakuna mchezo. Lakini akimfanya Otenyo apaaze sauti kwamba anafia Kenya, amevuka mpaka, kwa sababu nchi haikupewa jina la Koloni ya Kenya mpaka mwaka 1920. Otenyo alikuwa na sababu zake mwenyewe: ardhi yake, ng'ombe wa watu wake, na ukoo wake. Kumvika sababu za watu waliokuja baadaye ni kumnyang'anya zile zilizokuwa zake, hata kama nia ni kumsifu. Sifa ya uongo nayo ni dhuluma.

Tena liko jambo zito zaidi. Richard alisingiziwa, lakini nyaraka za wakati wake zilihifadhiwa, wataalamu wakazichunguza, na hata kaburi lake likatoa ushahidi baada ya miaka 527. Mchezo ukikosea juu yake, wako wa kuusahihisha. Juu ya Otenyo karatasi nyingi ziliandikwa na wale waliopigana naye. Upande wake mwenyewe ulikaa vinywani mwa wazee, na mzee akifariki hakuna kiwanja cha kufukua. Mchezo mmoja mzuri wenye makosa, ukipigiwa makofi katika mashindano ya shule, waweza kuwa ndiyo historia yenyewe, kwa kuwa hakuna tena wa kuupinga.

Kwa hiyo kijana mwenye kipaji asikatazwe kutunga, kwani bila watunzi wafu hufa mara ya pili. Ila kabla ya kushika kalamu na aende kwa babu na nyanya wa ukoo, mmoja mmoja, aulize kwa adabu na kusikiliza kwa uvumilivu. Na aandike katika daftari jina la msemaji, siku aliyosema, na yeye aliyasikia kwa nani. Wazee wakihitilafiana, na aandike kauli zote mbili bila kuchagua ile imfurahishayo. Daftari hilo na liwekwe mahali salama, mbali na mchezo wenyewe. Kisha atunge apendavyo, na mwanzoni atie maneno machache ya kuonyesha lipi ni la wazee na lipi ni la kalamu yake.

Naye mtazamaji, pazia likifunguka, ajiulize maswali mawili: hadithi hii yamnufaisha nani, na aliyetajwa angesema nini kama angalifufuka? Watu wa Leicester walihitaji majembe ili wapate sehemu ya jibu. Watu wa Kebirigo wahitaji kalamu tu, lakini waihitaji mapema, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.