Kilele cha Black Sabbath Kilikuwa 1971

Katika mkusanyiko wetu wa Idd jamaa waligawanyika, si kwa siasa wala mirathi, bali kwa bendi ya Black Sabbath. Mpwa wangu alishikilia kuwa kilele chao kilikuwa 1980, alipoimba Ronnie James Dio katika santuri ya Heaven and Hell. Mjukuu wangu akasema bila ya Paranoid ya 1970 hapana mazungumzo. Nilipoulizwa mimi, niliomba nimalize biriani kwanza. Sasa najibu.

Kilele kilikuwa 1971, kwa santuri ya tatu, Master of Reality, na sababu yangu ni vidole vya Tony Iommi. Kijana huyu wa Birmingham alikuwa na miaka 17 mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye ni wa shoto, kwa hivyo ndio mkono anaobania nyuzi za gitaa. Akayeyusha plastiki ya chupa, akajifanyia vitu mfano wa kastabini, akavivika ngozi. Katika santuri ile alizilegeza nyuzi katika nyimbo kadhaa, zikawa nyepesi kubana, na sauti ikashuka ikawa nzito kama mlango wa chuma. Geezer Butler naye akalishusha besi lake. Mabendi mangapi ya hevi metali yamekula kwa sauti hiyo mpaka leo!

Paranoid naipenda, ingawa wimbo wenyewe wenye jina hilo ulitungwa haraka haraka kuijaza santuri. Dio alikuwa na koo la ajabu, sikatai. Lakini ile ilikuwa bendi nyingine iliyovaa kanzu ya wenzao.

“Mjomba, huo ni uzee tu,” aliniambia mpwa wangu, “wapenda ya utoto wako.” Hasha! Mwaka 1971 nilikuwa chuoni nahangaika na juzuu ya Amma. Santuri ya kwanza niliyonunua ni hiyo hiyo Heaven and Hell. Natoa ushahidi dhidi ya ujana wangu mwenyewe.

Tarehe 5 Julai 2025 wanne wa mwanzo walipiga pamoja Villa Park, katika mtaa wao wa Aston. Siku 17 baadaye Ozzy Osbourne akafariki. Usiku ule mpwa wangu alinipigia simu, na Dio hakumtaja hata mara moja. Idd ilipofika akaanza tena.

Ijayo nitakuja na santuri zote tatu. Biriani italiwa kwanza.